Kasoro ni Yao, Mali ni ya Nani?



Wazazi wenzangu na wanafunzi, jioni moja hapa Kisugu mwanangu wa miaka 14 alirudi kutoka swala ya Magharibi akiwa amenuna. Nilipomuuliza akasema, "Baba, wamenifungia akaunti ya gemu, na mimi sikuiba kitu."

Nikamkalisha aeleze. Gemu hiyo huchezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti. Aligundua kwamba akimpa mwenziwe kitu, kisha akakata intaneti kabla seva haijamaliza kuandika, kitu kile kinabaki kwake na kwa mwenziwe pia. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa mia. Baadaye akaanza kuwauzia wanafunzi wenzake kwa shilingi 2,000. "Kasoro ni yao," akasema. "Mimi nimeitumia tu."

Kusema kweli, hoja ile ilinitatiza, nikaanza kusoma jinsi wasimamizi wa gemu wanavyoamua mambo haya. Mwezi Juni 2006, katika RuneScape ya Uingereza, kasoro ilimwezesha mchezaji mmoja kuwashambulia wenzake mahali ambapo hapakuruhusiwa mapigano, na watu wakapoteza mali walizozichumia kwa muda mrefu. Alifungiwa moja kwa moja. Mwaka 2010 kikundi cha Ensidia kilitajwa kuwa cha kwanza duniani kumshinda adui mkubwa wa World of Warcraft, lakini mabomu ya mmoja wao yalikuwa yakirudisha sakafu iliyobomoka. Wao walisema hawakukusudia. Hata hivyo walinyang'anywa ushindi na kufungiwa saa 72.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Guild Wars 2, mwaka 2012. Silaha fulani ziliwekwa kimakosa kwa bei ya chini mno, na watu wakazinunua kwa wingi wakijua wazi kuwa ni kosa. Waliochota sana walifungiwa daima. Baadaye wakafunguliwa mlango: aliyeomba na kuahidi kufuta alivyovipata, adhabu yake iligeuzwa kuwa ya saa 72.

Nikaona kwamba wasimamizi hutazama mambo kadhaa: je, alijua? Alirudia mara ngapi? Nani ameumia? Kumbukumbu za seva huwaonyesha mengi. Na sababu yao inaeleweka. Vitu vikizidishwa ovyo, bei huvurugika kama noti bandia zinavyovuruga soko, na aliyetoka jasho kwa miezi huamka akute jasho lake halina thamani.

Nikamwambia mwanangu, "Mwenye duka akikosea chenji akakuzidishia, utasema kasoro ni yake?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Baba, na zile 50,000 zilizoingia kwenye simu yako kimakosa?"

Ndugu zangu, nilikosa la kusema. Mwezi uliotangulia mtu nisiyemjua alikosea namba, na mimi nikasema mbele ya watoto, "Hii ni riziki." Mtu yule alipiga simu mara mbili, sikupokea.

Usiku ule ule nilimpigia. Alikuwa mama, na pesa zile zilikuwa za kodi ya chumba. Nilimrudishia pamoja na gharama ya kutuma, nikamwomba radhi. Mwanangu alikuwa ameketi kando yangu akisikiliza.

Kesho yake aliandika majina ya wenzake 17 waliomnunulia, kwa kuwa vitu vyao pia vilifutwa. Shilingi 34,000 zilikuwa zimekwisha kuliwa. Alizilipa kidogo kidogo kutoka pesa zake za matumizi, ikamchukua takriban miezi miwili. Aliwaandikia pia wasimamizi, akaeleza hatua kwa hatua jinsi kasoro ile inavyofanya kazi. Walimshukuru na kuiziba, ila akaunti hawakuifungua. Alilia kidogo, na mimi sikumwambia kwamba ameonewa.

Wazazi, tuwaulize watoto wetu wanacheza nini na wanapata vipi wanachopata. Lakini tuwe tayari nao watuulize sisi.

Allah Atujaalie kuwa waaminifu, tunapoonekana na tusipoonekana. Amin.

Wabillahi tawfiq.