Kaza kwa Mkono Kwanza

Lugha yetu haikwenda mbali kuitafutia pikipiki jina. Ilisimama kando ya njia, ikasikiliza, ikatamka ilichokisikia. Neno hili ni tanakali sauti iliyopandishwa cheo ikawa nomino. Na nduguye, tukutuku, alizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Aliyeliunda hakutazama magurudumu wala usukani. Alisikiliza bomba la moshi. Ling'oe bomba hilo, na chombo kitatembea bado, lakini hakitalitamka tena jina lake.

Jambo hili nililitafakari kwa majuma kadhaa mjini Tanga, nilipokuwa msaidizi wa fundi aliyeifufua BSA Bantam ya marehemu babu. Babu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa karani wa shamba la mkonge, akaiendesha hadi magoti yalipomkatalia. Mwaka jana wajomba walikubaliana iuzwe, na mnunuzi akapatikana. Bibi hakupinga. Aliweka sharti moja tu: aisikie kwanza.

"Mimi sikuwa nikiiona," alisema. "Nilikuwa jikoni. Niliisikia tangu njia panda, nikamwekea babu yako maji ya kuoga."

Injini ilikuwa tayari. Kilichobaki ni bomba na vifungio vyake, vilivyolala miaka mingi ndani ya mkebe wa rangi. Fundi angeweza kuchomelea ekzosi mpya ya pikipiki za leo, kazi ya nusu siku na ya bei nafuu. Alilisema hilo mapema, kwa uaminifu. Kisha akaongeza kwamba bibi angesikia pikipiki ya mtu mwingine ikiingia uani.

Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba Bantam yenyewe ni tafsiri. Asili yake ni DKW RT 125, pikipiki ya Kijerumani ya mwaka 1939. Baada ya Vita Kuu ya Pili, michoro yake ilichukuliwa kuwa sehemu ya fidia ya vita, na kila taifa likaisema kwa lafudhi yake. Katika Muungano wa Kisovieti iliitwa Moskva. Marekani, Harley-Davidson waliitoa kwa jina lao. Japani, ilichochea pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ambayo watu waliipa lakabu ya kereng'ende mwekundu. Waingereza wa BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, waliitoa mwaka 1948 wakiwa wameigeuza kama inavyoonekana kiooni: gia ya mguu iliyokuwa kushoto ikahamia kulia. Milimita nazo zikawa inchi.

Ni hizo inchi zilizotuhangaisha. Fundi alitandaza gazeti chini, akamwaga mkebe, akavipanga vifungio kwa mfuatano wa kuvifunga: nati kubwa ya duara inayolibana bomba kwenye mdomo wa silinda, klampu inayolishika bomba mahali linapoingia kwenye silensa, breketi ya nyuma, bolti yake, washa bapa na washa ya springi. Nati ya bolti hiyo haikuwamo. Ilikuwamo nyingine ya milimita 8, na bolti yetu ilikuwa ya inchi 5/16, yaani milimita 7.9. Machoni ni mapacha. Fundi alinipa nizungushe. Iliingia mizunguko miwili kwa ulaini wa kutia moyo, kisha ikagoma.

"Usiilazimishe, mwanangu," alisema. "Hizo nyuzi hazijuani."

Kamusi huziita hesi. Fundi huziita nyuzi, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Nati ya milimita 8 huwa na nyuzi kama 20 katika kila inchi. Bolti ile ilikuwa na nyuzi 26, kipimo kilichowekwa na wahandisi wa baiskeli wa Uingereza na kurithiwa na pikipiki za nchi hiyo. Fundi alitoka, akaenda kwa mtengeneza baiskeli wa mtaa wa pili, akarejea na nati ya ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli kuukuu ya Kiingereza. Iliingia hadi mwisho kwa vidole.

Niliwaza vina vyetu. Mshairi aliyezoea kutamka "feza" ataona fedha na pweza vinafuatana vizuri. Vina huingia mizunguko miwili. Lakini mbele ya sikio linalotenganisha dha na za, ubeti hugoma, na nguvu ya kuulazimisha huharibu maneno yote mawili. Dawa si kukaza zaidi. Ni kutoka na kulitafuta neno lenye nyuzi zake, hata kama liko kwa mtengeneza baiskeli.

Somo kubwa zaidi lilikuwa katika ufungaji wenyewe. Nilidhani utaratibu ungekuwa wa kawaida: funga mbele, kaza, funga nyuma, kaza. Fundi hafanyi hivyo, wala fundi yeyote makini hafanyi hivyo. Alipaka nyuzi za mbele grisi ya grafiti inayostahimili joto, akaizungusha nati ya duara kwa mkono, akaiacha. Akaisukuma silensa kwenye bomba, akaiacha klampu ikichezacheza. Akaipitisha bolti ya nyuma kwenye breketi na fremu: washa bapa juu ya tundu refu la breketi, ili isizame, na washa ya springi chini ya nati, ili mtetemo usiifungue. Nayo akaiacha.

Bomba lote likawa limening'inia, legelege, likilia kwa kugongana. Hapo ndipo alipolishika kwa mikono miwili na kulizungusha kidogo kidogo, huku na huku, hadi bolti ya nyuma ikapita yenyewe bila kusukumwa. Alikuwa akiliuliza bomba linapenda kukaa wapi. Lilipojibu, alianza kukaza: mbele kwanza, kwa spana yenye ndoano badala ya nyundo na patasi, kisha klampu, mwisho breketi.

Sababu yake ni ya chuma. Ukikaza mbele kabla ya kujua nyuma patakaa wapi, utalazimika kulivuta bomba ili bolti ipite. Litakubali, kwa sababu chuma hupinda. Lakini litakaa limejikaza, na kila mtetemo na kila joto vitaongeza uchungu ule, hadi lipasuke kwenye breketi au ling'oe nyuzi za silinda, ambazo si rahisi kuzirudisha.

Ni mara ngapi tumesoma shairi la namna hiyo! Mshororo wa kwanza ni mzuri ajabu. Vina vyake vimekazwa kwa spana. Wa pili unafuata. Wa tatu unavutwa, neno linakatwa mkia ili mizani itimie, na kituo kinafungwa kwa neno lililokuja kuziba tundu tu. Mshairi hakukosa maneno. Alikaza mapema.

Usiku ule nilianza na kituo, nikaiacha mishororo mingine ikining'inia hadi vina vilipopata mahali pao:

Fundi alinifundisha, nati zisikazwe kwanza,
Bomba lote kulivisha, kwa mkono ukianza,
Pupa hukuchelewesha, na kuvunja ulotunza,
Mwisho ukishauona, rudi ukaze mwanzoni.

Jumamosi tuliitoa uani. Bibi aliketi barazani, akainamisha kichwa, akatazama chini. Fundi alipiga teke mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikawaka, ikakohoa moshi wa samawati, ikatulia. Hakuna aliyesema neno. Bibi alisikiliza kwa muda uliotosha mtu kufika kutoka njia panda.

"Imepata kikohozi," alisema mwishowe. "Lakini ni yeye."

Fundi aliizima. Sisi tulikwenda kunywa chai; yeye alibaki ameketi kando yake, akingoja ipoe. Bomba likipata moto hutanuka, likipoa hujikunja, na vifungio vilivyokuwa imara hupata nafasi ndogo isiyoonekana. Ilipopoa alichukua spana tena akapita kote, mbele hadi nyuma. Nati mbili zilikubali robo mzunguko.

Tangu hapo sitoi ubeti siku niliouandika. Nausoma kwa sauti mbele ya mtu asiyeutazama, naulaza, na asubuhi napita tena na spana. Mara nyingi kuna neno moja au mawili yanayokubali robo mzunguko.

Mnunuzi alikuja Jumatatu.