Fanani wa Jikoni: Kumbukumbu za Bibi Yangu wa Minjila

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imekuwa desturi kumtaja fanani mara moja, kwa umri na kijiji chake, kisha kumsahau. Nami nilifanya vivyo hivyo. Katika tasnifu yangu ya uzamili bibi yangu mzaa mama anaonekana katika mstari mmoja tu: "mwanamke mkulima, Minjila, umri takriban miaka sabini." Makala haya ni jaribio la kuurefusha mstari ule. Ni ungamo pia, kwani kosa nitakalolieleza halikuwa la nadharia.

Minjila ni kituo kidogo karibu na Garsen, penye njia panda: barabara itokayo Malindi hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Hola na Garissa, jingine likishika njia ya Witu na Lamu. Bibi hakuzaliwa hapo. Alizaliwa katika kijiji cha Wapokomo ukingoni mwa Mto Tana, akaja kuhamia Minjila, mahali palipoinuka kidogo, huku shamba lake la mpunga likibaki kule chini mtoni. Miaka hakuihesabu kwa tarakimu bali kwa maji. Mama yangu alikuwa ameanza kutembea wakati wa mafuriko ya 1961. Yale ya El Niño, mwishoni mwa 1997, yalichukua kinu alichokuwa amekiacha shambani. Mpunga nao ulipotea, lakini kinu ndicho alichokililia.

Kabla ya mafuriko hayo, Desemba 1994, nilikwenda kwake na kinasasauti na kaseti nne. Alinikaribisha kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, uliza upesi, jua haliningoji." Hakuacha kutwanga. Nilimwomba anisimulie kisa cha Fumo Liongo, ambaye kaburi linaloaminika kuwa lake liko Kipini, karibu na mahali mto huo uingiapo baharini. Nilikuwa nimekwisha kusoma toleo la Edward Steere la 1870, na pia utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Nilitarajia kusikia habari za shujaa, mwana msaliti na sindano ya shaba. Bibi alinipa wishwa.

Msomaji atakumbuka kwamba Liongo anapofungwa gerezani, mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanakula vyakula vizuri, mkate ule wanamwachia mfungwa. Katika maandishi jambo hili hupita kwa haraka. Bibi alipofika hapo aliweka mchi kando, akachota wishwa kwenye ungo, akaufinyanga kiganjani mbele yangu. Ukamomonyoka.

"Umeona? Haushikani. Mama huyu alitia kitu. Mimi ningetia ndizi mbivu."

Akaendelea kwa muda mrefu. Mkate lazima uwe mnene, kwa sababu tupa ni ndefu. Hauwezi kuokwa kwa moto wa kuni zinazowaka, kwani chuma kingepata joto kabla ya unga na mkate ungepasuka; sharti makaa, tena yaliyokwisha kufifia. Na yale mapishi mazuri waliyokula walinzi hayakuwa ukarimu: mama aliyapika ili washibe wasipate hamu ya kuonja chakula cha kuku. Taharuki yote ya kisa, kwa bibi, ilikuwa iwapo mkate utapasuka au hautapasuka. Liongo alikuwa mtu aliyekaa akingoja chakula.

Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake mwaka 1970 tumekuwa tukikariri kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi simulizi. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo katika sura ya kwanza. Katika sura ya nne nikaikata habari yote ya mkate nikaiita "uchepukaji". Joseph Mbele, aliyewatazama wanawake wa tendi za Kiafrika kwa makini, nilimsoma baadaye mno.

Sikuwa na udhuru, maana mfano nilikuwa nao karibu. Lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Kitu kilichoimbwa na wanawake wakiwa na mtoto begani na chungu motoni kilikuwa kimekwisha kuwafikia askari wa gwaride. Redio ilipoupiga, sisi watoto tulisimama wima. Bibi alikuwa akicheka, akituuliza nani amelala.

Sasa kosa lenyewe. Baada ya kunukuu masimulizi yake nilihitaji kaseti kwa mahojiano mengine, nikarekodi juu ya sauti yake. Niliona ni matumizi mazuri ya fedha. Matini niliyobaki nayo ilisifiwa kwa kuwa safi, na ilikuwa safi kweli: haikuwa na mbuzi, wala jirani anayebisha hodi, wala wali unaoungua.

Bibi alifariki mwaka 2003. Siku ya tatu ya matanga mama aliniuliza kama ile sauti ninayo. Nilikwenda kuchukua tasnifu nikampa. Alisoma kurasa mbili, akaifunga, akanirudishia.

"Huyu si mama," akasema.

Daftari la rasimu ya kwanza bado ninalo. Humo, kabla ya kusafisha, nilikuwa nikiandika katika mabano neno "kelele" kila kitu kilipomkatiza. Limeandikwa mara kumi na moja. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka kila moja ilikuwa nini: mchi ulioanza tena, kuku waliorukia ungo, lori lililokuwa likipinda kuelekea Garsen, na bibi mwenyewe akinituma nikamletee chumvi. Hizo ni nne.