Nilimwambia Aulize Swali

Nilimkatiza mtu aliyeyaona mambo ambayo mimi niliyasoma tu. Kosa ni langu.

Ulikuwa mhadhara wa wazi kuhusu historia ya Nakuru, na mada yangu ilikuwa Agosti 12, 1963, siku Jomo Kenyatta alipokutana na walowezi papa hapa mjini, akawasihi wabaki walime, na pande zote zisameheane. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza reli, mlowezi mashuhuri Delamere na chama cha wakulima cha KFA, na sheria ya 1918 iliyomlazimu skwota kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kufuga shambani mwa mlowezi huyo. Nilimtaja hata Tabitha Kanogo, ambaye kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota kilitegemea sana masimulizi ya wazee wenyewe.

Wakati wa maswali, shosho mmoja akasimama. Alianza na babake, skwota wa upande wa Njoro, na jinsi walivyopakiwa kwenye lori wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni wakapelekwa Kiambu, kwao kwa jina tu, maana yeye hakuwa amewahi kufika huko. Nikatazama saa. Mikono ilikuwa mingi, nami nimewaona wengi wakishika kipaza sauti wakahutubu hadi ukumbi ukabaki mtupu.

"Shosho, tafadhali uliza swali."

Akasema hana swali. Akaketi.

Usiku ule nililala vizuri. Baadaye, nikisikiliza rekodi ili niandike muhtasari, nikamsikia akisema: "Siku hiyo ya Kenyatta sisi tulikuwa tumesharudi, na mama alikuwa..." Halafu sauti yangu. Nikairudisha rekodi. Mama alikuwa wapi? Jikoni? Barabarani? Maelezo yangu yote ya siku ile yalitoka kwa walioandikwa magazetini, na muda mfupi kabla ya kumkatiza nilikuwa nimemsifu Kanogo kwa kuwasikiliza watu kama huyu.

Nilipompata mwenyeji aliyemfahamu, shosho alikuwa ameshafariki. Jamaa zake walinipokea kwa ukarimu. Hakuna aliyeijua habari hiyo.

Ukiendesha kikao kama hicho, saa itakubana vilevile, na wenye mikono juu watakuwa na haki yao. Siku hizi, kwenye vikao vyangu, wazee husema kwanza, bila kudaiwa swali. Mimi hufuata, na mara nyingine muda huniishia.