Gouyave Ilipokuwa Ikinukia Kungumanga
Grenada, kisiwa cha Karibi, ilianza kulima kungumanga mwaka 1843, na kwa miongo mingi Indonesia peke yake ndiyo iliyoipita kwa zao hilo. Mgeni aliyehamia Gouyave, pwani ya magharibi, kabla ya 2004 hakuhitaji kuelekezwa ghala la kungumanga liliko. Harufu ilimpeleka.

Ndani wanawake waliketi wakichambua kokwa. Tunda likiiva hupasuka na kuanguka lenyewe. Basibasi, ule utando mwekundu, hubanduliwa kwanza, kisha kokwa huanikwa kivulini kwa wiki kadhaa mpaka icheze ndani ya ganda. Ganda likishapasuliwa, kokwa hutoswa majini: nzuri huzama, hafifu huelea, nazo hutengwa. Maganda hayakutupwa. Yalimwagwa kwenye vijia vya bustani, yakawa yanalia chini ya viatu, na mvua ikinyesha harufu ilipanda upya. Mkulima alilipwa alipoleta mzigo, na bonasi ikafuata baadaye. Hiyo bonasi ndiyo iliyosubiriwa kwa hamu.

Ukaaji wenyewe ulianza kwa salamu. Aliyepanda basi dogo bila kuwaamkia abiria alionekana hana adabu; aliyetaka kushuka aligonga bodi. Kisha kulikuwa na oil down, chakula ambacho mpishi yeyote wa Pemba angekielewa haraka: shelisheli, ndizi mbichi, majani ya magimbi, manjano, samaki wa chumvi au mkia wa nguruwe, na tui zito. Sufuria hutelekwa nje kwa kuni. Vitu hupangwa tabaka kwa tabaka, havikorogwi, mpaka tui likauke na mafuta ya nazi yabaki chini. Mgeni alikabidhiwa mbuzi akune nazi kabla hajapewa sahani, na ilikuwa haki.

Kimbunga Janet cha 1955 kiliangusha mikungumanga mingi, ikapandwa upya. Ivan, Septemba 2004, kiling'oa mashamba karibu yote. Mti huchukua miaka mingi kuzaa, na mche haujulikani dume au jike mpaka utoe maua. Wakulima wengi waliokwisha kuzeeka hawakurudia. Beryl, Julai 2024, kilikibomoa kisiwa cha Carriacou na kuipiga kaskazini ya Grenada.

Siku hizi mgeni wa miezi mitatu hukodi nyumba karibu na ufuo wa Grand Anse, akala hapo, akaogelea hapo, na kungumanga akaijua kwa unga ulionyunyizwa juu ya kinywaji. Huko si kukaa Grenada. Inaudhi zaidi kwa kuwa mabasi ya Gouyave huondoka mji mkuu, St. George's, kutwa siku za kazi, na safari haifiki saa nzima.