Jiko la Gesi Katika Baridi ya Rwenzori

Magharibi ya Uganda, pale nchi hiyo inapopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imesimama safu ya milima ambayo aghalabu haionekani. Mtu aweza kukaa Kasese juma zima asiuone mlima, kwa kuwa ukungu huufunika tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Kisha siku moja, baada ya mvua, pazia hufunguka, na juu ya joto la bondeni hutokea theluji chini ya jua la ikweta. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, huiita theluji Nzururu, na tangu zama za mababu wameihesabu kuwa ni makao ya kuheshimiwa, si mahali pa kwenda kutembea.

Kilele kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906 akakipa jina la malkia wa nchi yake. Sehemu ya Uganda ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1991. Baadaye vita vya waasi wa ADF vilisababisha hifadhi ifungwe kwa miaka kadhaa hadi ilipofunguliwa tena mwaka 2001. Askari waliopita huko siku hizo wanajua vema jinsi ilivyo kulala na nguo mbichi katika mlima ule.

Safari ya kawaida huanzia Nyakalengija. Siku ya kwanza ni msitu, jasho na mto unaonguruma. Siku ya pili miti huanza kuota ndevu za kijivu, na ardhi hugeuka tope. Katika vinamasi vya Bigo msafiri huruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine, na akikosea huzama hadi magotini. Ndiyo maana mpagazi Mkonzo huvaa buti za mpira na kumcheka kimoyomoyo mgeni mwenye viatu vya ngozi vya bei kubwa. Baada ya ziwa Bujuku njia hupanda miamba mpaka kibanda cha Elena, mita 4,541 juu ya usawa wa bahari. Hapo usiku maji huganda ndani ya sufuria, na hapo ndipo mpishi hujulikana kama ni mpishi.

Kuni hazifai kitu huko. Miti iliyopo imelowa mvua ya mwaka mzima, tena ni mimea ambayo hukua polepole mno, na kuikata ni kuuvua mlima nguo. Moto wa wazi nao una hatari yake. Mwaka 2012 moto uliunguza nyika za juu za Rwenzori, mahali ambapo watu walidhani hapawezi kuungua kwa wingi wa maji. Katika Kilimanjaro, moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 ulichoma eneo kubwa kwa siku nyingi, na wasimamizi wa hifadhi walieleza kuwa ulianzia pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Kwa hiyo msafiri wa leo hubeba jiko dogo la gesi, na hilo lina tabia zake ambazo hapana budi azijue kabla hajafika Elena, kwani huko hakuna wa kumwuliza.

Gesi iliyomo ndani ya kopo si hewa bali ni maji. Kopo likifunguliwa, maji hayo huchemka yakawa hewa, na ili yachemke huchukua joto kutoka katika kopo lenyewe. Basi kadiri jiko linavyowaka ndivyo kopo linavyopoa, hata likatoka umande na kisha barafu kwa nje. Tena gesi hizo hazifanani. Propeni huchemka hata katika baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Isobuteni huishia kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Buteni ya kawaida hugoma mara baridi inapokaribia sifuri. Kwenye kopo la mchanganyiko, propeni hutangulia kutoka, ikawaacha wenzake wavivu nyuma. Ndiyo sababu jiko linalokaa juu ya kopo huunguruma vizuri siku ya kwanza, na siku ya nne, kopo likiwa bado lina robo yake, moto huwa kama wa mshumaa. Ni kweli kwamba huko juu hewa ni nyepesi na gesi huchemka kwa urahisi zaidi kuliko pwani, lakini unafuu huo ni mdogo kwa kopo ambalo limekwisha kuganda.

Dawa yake ni jiko ambalo kopo lake hukaa mbali, likiunganishwa na mpira wenye urefu wa mkono hivi. Jiko hilo lina miguu yake mitatu na hukaa chini imara. Karibu na mdomo wa moto hupita bomba jembamba la shaba nyeupe au ya njano, na katika kibomba hicho ndimo ilimo siri yote. Jiko huwashwa kopo likiwa wima, likaachwa liwake dakika moja hivi mpaka kibomba kipate moto. Kisha moto hupunguzwa, na kopo hupinduliwa taratibu, kichwa chini. Sasa yatokayo si hewa tena bali ni maji ya gesi, yakisukumwa na propeni iliyobaki juu. Yakifika kwenye kibomba cha moto hugeuka hewa na kuwaka. Kwa kuwa gesi zote hutoka pamoja kwa kipimo kile kile, propeni haiishi mapema, na kopo hutumika mpaka tone la mwisho. Jiko lisilo na kibomba hicho lisipinduliwe kopo kamwe: hutapika moto mkubwa wa manjano ambao katika kibanda cha mbao ni balaa. Mpishi akumbuke pia kwamba akifunga vali, moto hauzimiki papo hapo, maana mpira una akiba yake.

Faida nyingine ni kinga ya upepo. Jiko linalokaa juu ya kopo haliwezi kuzungushiwa bati bila kulichemsha kopo na kuhatarisha maisha. Hili la mpira laweza, kwa sababu kopo liko nje ya ukuta. Usiku kopo hulala pamoja na mwenyewe ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi laweza kusimamishwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, wala lisisogezwe penye miali.

Hata hivyo jiko jema halibadili mlima. Huko Elena maji huchemka yakiwa na nyuzi 85 hivi tu, na maharagwe yatatokota usiku kucha yakibaki kama kokoto. Mwenye busara huyachemsha kabla ya kupanda, au huyaacha nyumbani akabeba unga. Uji, na ugali wa muhogo ambao Wakonzo huuita obundu, huiva kwa gesi kidogo.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hewa. Baridi inapozidi, watu hufunga mlango, huziba nyufa kwa makoti, na kuyeyusha barafu humo humo ndani. Sufuria ya barafu hupoza moto. Moto uliopoa na kukosa hewa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, na hizo hizo ndizo dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mtu humeza dawa ya kichwa akalala, na huenda asiamke. Ikiwa watu wawili au watatu wameumwa kichwa kwa pamoja muda mfupi baada ya jiko kuwashwa, jiko lizimwe na wote watolewe nje mara moja, hata kama theluji inaanguka. Mama wa kambini mwenye jiko la makaa chumbani, katika usiku wa baridi ya Kabale, yumo katika hatari ile ile.

Makopo hayaruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo mgeni humlazimu kuyatafuta akiwa Kampala au Nairobi kabla ya safari. Yakiisha, wapagazi huyapima kwa kuyaelekeza kwenye maji: tupu huelea juu na kuyumba, lenye gesi huzama zaidi. Tupu hutiwa gunia, hufungwa juu ya mzigo, na hushuka tena kupitia Bigo mpaka Nyakalengija, ambako buti za mpira huvuliwa na kumwagwa tope la siku saba.