Sindano Kwanza, Wimbo Baadaye

Vikosi vya Msumbiji na Rwanda vilipoukomboa mji wa Mocímboa da Praia Agosti 2021, mzee mmoja na mkewe walirejea mwaka uliofuata. Ilisalia santuri moja tu, ile ya arusi yao. Mzee akanunua gramafoni kuukuu.

"Bwana, tuipige usiku huu," mkewe akasihi.

Mzee akakataa. Sindano iliyolika huchimba mifereji ya santuri, na sauti iliyochimbwa hairudi. Akapima usawa wa mashine kwa bilauri ya maji, akasugua kutu ya chumvi, akabadili mkanda wa mpira uliolegea hadi mizunguko 45 kwa dakika ikatimia.

Sindano mpya ilichelewa miezi miwili. Ilipofika, mke ndiye aliyeishusha. Subira huvuta heri.