Jina Likifutwa, Mtu Hubaki

Kwa miaka mingi nilifundisha sampuli na makadirio, na masuala ya faragha nikiwaachia wanasheria. Mimi kazi yangu ilikuwa takwimu sahihi. Majina yakishafutwa, basi.

Aliyenigeuza ni Latanya Sweeney. Miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi wa MIT, alichukua rekodi za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts, zilizotolewa bila majina, akazilinganisha na daftari la wapigakura wa Cambridge alilolinunua kwa dola 20. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vikamtosha kumpata gavana, William Weld. Hakudukua popote. Ilikuwa hesabu, tena hesabu ya fani yangu.

Nikafungua faili ninalofundishia. Mwanamke, miaka 58, daktari, kisha jina la kata. Kata ya kijijini ina madaktari wanawake wangapi wa umri huo? Mwanafunzi aliyezaliwa huko angemtaja kabla sijamaliza kusoma mstari.

Utafiti wangu ukahamia kwenye faragha. Siku hizi somo la kwanza huanza kwa kurusha shilingi, njia iliyotokana na wazo la Stanley Warner la 1965. Nauliza: umewahi kupiga chabo kwenye mtihani? Ukipata kichwa, sema kweli. Ukipata mwenge, rusha tena, shilingi ikujibie: kichwa "ndiyo", mwenge "hapana". Wanafunzi 100 wakitoa "ndiyo" 35, takriban 25 ni za shilingi. 10 zilizobaki zimetoka kwa kama 50 waliosema kweli, yaani asilimia 20. Nimelijua darasa, mtu simjui. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake waliupa ulinzi wa namna hii kipimo cha kihisabati, na Marekani ikakitumia katika sensa ya 2020.

Watunga sera hufurahi mpaka hapo. Ninachoongeza hawakipendi: usahihi na faragha hutoka mfuko mmoja. Ukichanganya nasibu, kama ile ya shilingi, kwenye majedwali ya takwimu, mkoa hauhisi kitu, ila kijiji chenye watoto 12 kinaweza kuchapishwa kina 9, na darasa lisijengwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nami naiunga mkono, lakini kiasi cha nasibu hakiamuliwi kwa kifungu cha sheria. Nataka kijadiliwe waziwazi, madiwani wakiwepo, kabla jedwali la kwanza halijatoka.